Kayaki ya Kuvulia: Namna ya Kufunga Mifuniko na Vifaa Kabla ya Kushuka Ziwa Nyasa

Malalamiko yanayoletwa ni yaleyale. Kayaki iliingia majini Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ikiwa kavu, baada ya saa mbili ikaanza kulegea na kuyumba, na ilipovutwa ufukweni watu watatu walishindwa kuinyanyua. Mfuniko ulikuwa umefungwa. Fundi akapaka silikoni pembeni, na safari iliyofuata maji yakaingia tena, halafu na kisanduku cha ndoano nacho kikaenda zake.

Mwongozo huu ni wa mwenye kayaki ya plastiki ya kukalia juu, ile yenye tumbo tupu na mifuniko miwili au mitatu, anayeishi huku juu (Mbeya, Tukuyu, Mafinga, Iringa) na kushuka na chombo chake hadi Ziwa Nyasa au bwawa la Mtera. Huko kushuka kwenyewe kunachangia tatizo kuliko wengi wanavyodhani, ndiyo maana nimekupa hatua nzima. Mwenye mtumbwi wa mti aruke hadi hatua ya 6, maana yeye hana mfuniko wa kumsumbua.

## Vitu vya kuandaa

Vyote vinapatikana Mwanjelwa au soko la SIDO pale Mbeya, na vingi viko nyumbani tayari.

- Tyubu ya zamani ya gari. Ya baiskeli ni nyembamba mno kwa mfuniko, lakini inatosha kukatia washa.
- Sponji nyeusi isiyonyonya maji, unene wa milimita 6 hadi 10. Ijaribu dukani: ikamue ndani ya maji. Ikinywa, irudishe.
- Kamba ya nailoni ya milimita 4, mita 10 hivi, na nyingine ya milimita 6 ya kufungia mizigo mizito.
- Mipira ya kufungia mizigo, kama ya bodaboda.
- Bolti za milimita 5 zenye washa pana na nati za kujikaza, zile zenye pete ya nailoni ndani.
- Drili na biti ya milimita 5.
- Chupa tupu za maji za lita moja na nusu pamoja na vizibo vyake, kama 20.
- Gazeti la zamani, sabuni ya maji, mshumaa, tochi, na sponji kubwa ya kufyonzea maji.
- Jaketi okozi, filimbi, na kisu kifupi chenye ncha butu.

Ukisoma maelekezo ya watu wa baharini utaambiwa lazima bolti ziwe za chuma cha pua. Bahari ina chumvi. Nyasa na Mtera ni maji baridi, kwa hiyo bolti zenye zinki zinatosha mradi uzikague mara kwa mara. Pesa utakayookoa, nunulia jaketi zuri.

## Hatua ya 1: Jua maji yanapita wapi

Wengi huanza kurekebisha mfuniko kabla hawajajua kama kosa ni lake. Maji yana njia nne: mfuniko, kizibo cha kutolea maji, bolti za zamani zilizolegea, na yale matundu yanayotoboa kayaki kutoka juu hadi chini. Ukuta wa matundu hayo hupata ufa pale kayaki inapoburutwa kwenye mawe.

Iweke kayaki juu ya matairi mawili. Mimina ndoo moja ya maji, lita 10 basi, ndani ya tumbo. Funga, kausha nje kwa kitambaa, kisha iinamishe mbele, nyuma, kushoto na kulia, ukisubiri dakika chache kila upande. Panapotokwa na jasho weka alama kwa kalamu.

Usijaze tumbo lote. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tumbo la kayaki linaweza kubeba maji ya zaidi ya kilo 200. Itapasuka hapohapo juu ya matairi.

Sasa mfuniko. Ondoa maji yote na ukaushe ndani. Panga vipande vya gazeti kavu kuzunguka ukingo kwa ndani, funga, kisha mimina maji juu ya mfuniko kwa dakika tano. Fungua taratibu. Gazeti lililolowa litakuonyesha upande mbovu, na mara nyingi utakuta ni upande mmoja tu.

Ukikuta ufa kwenye plastiki yenyewe, usipoteze muda na gundi. Tafuta fundi anayechomea matenki ya maji ya plastiki, kwa kuwa kayaki nyingi zimetengenezwa kwa plastiki ya aina hiyohiyo, na yeye anazo fito za kuchomelea.

## Hatua ya 2: Rekebisha mfuniko kwa mkandamizo

Mfuniko huzuia maji kwa kukandamiza kitu laini kati ya nyuso mbili. Mkandamizo ukilingana pande zote, maji hayapiti. Ndiyo sababu silikoni inashindwa: haishiki kwenye plastiki hii. Inakauka vizuri, inaonekana imeshika, halafu siku ya jua kali inabanduka kama ganda. Gundi ya papo kwa papo nayo ni hivyohivyo.

Mfuniko wa kuzungusha. Adui yake ni mchanga. Ufukwe wa Matema una mchanga kila mahali, na chembe tatu kwenye nyuzi zinatosha kuuacha mfuniko umekaa upande. Safisha nyuzi kwa mswaki wa zamani, toa pete ya mpira, ioshe, irudishe. Pitisha mshumaa kwenye nyuzi ili uzunguke bila kukwama. Kaza kwa mkono mpaka ugome, usitumie koleo, maana ukikaza kupita kiasi pete inajikunja na kufungua njia.

Mfuniko wa mpira wa kubonyeza. Huu ukiwa mzima ni mzuri kuliko yote. Lowesha ukingo kwa maji ya sabuni, bonyeza ukizunguka kwa kidole gumba, halafu rudia mzunguko wa pili. Ukisikia "pwa" pande zote umekaa. Ukiona vijiufa kwenye mkunjo wa mpira, umeisha, hauna dawa.

Mfuniko mpana wa mikanda. Huu ndio unaotesa watu. Una sponji chini na mikanda miwili juu, na baada ya mwaka sponji imelala chapati. Ing'oe yote. Kata mpya kwa kipande kimoja kinachozunguka, na kiungio kiwe sehemu iliyonyooka, kamwe kisiwe kwenye kona, kikatwe mshazari ili ncha zilaliane. Juu ya sponji weka utepe wa tyubu ya gari wenye upana uleule. Sponji inajaza mabonde, tyubu inaziba. Kabla ya yote hayo ulaze mfuniko juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ukicheza, umepinda. Umwagie maji ya moto, uulaze chini ya tofali mpaka upoe.

Usipake mafuta ya mgando wala grisi ya gari kwenye mpira. Mafuta ya petroli huufanya mpira uvimbe na kulainika. Kama unataka kilainishi cha kudumu, tafuta grisi ya silikoni. Ukikosa, maji ya sabuni yanatosha kila unapofunga.

Rudia jaribio la gazeti. Likitoka kavu mzunguko mzima, endelea.

## Hatua ya 3: Hewa ya milimani isikuponze

Hapa ndipo watu wa kwetu wanapoangukia, kwa sababu maelekezo mengi yameandikwa na watu wanaoishi kando ya maji.

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475. Hewa ya Matema inakandamiza kuliko ya Mbeya kwa asilimia 16 hivi. Kila aliyewahi kushuka Kyela na chupa ya maji aliyoifunga Uyole ameiona ikifika imebonyea. Kayaki iliyofungwa vizuri inafanyiwa vilevile: mfuniko wa duara wenye kipenyo cha sentimita 20 unakandamizwa kwa uzito wa kama kilo 40.

Yanatokea mambo mawili. Mfuniko unakwama, unauchokonoa kwa bisibisi, ukingo unachubuka, na kuanzia siku hiyo unavuja milele. Au haukwami kabisa, hewa inaingia polepole, nawe unaingia ziwani kabla haijamaliza kuingia. Hapo tumbo bado linavuta. Badala ya kuvuta hewa, linavuta maji yaliyozunguka mfuniko, na mpira ambao ungezuia mawimbi siku nzima unashindwa kuzuia mvuto huo.

Jua nalo hufanya kazi ileile. Kayaki iliyokaa juu ya gari mchana wa Kyela inaweza kuwa na hewa ya nyuzi 50 ndani yake. Ukiifunga hivyo na kuisukuma kwenye maji ya nyuzi 25, hewa hiyo inasinyaa kwa karibu asilimia 8. Kwa anayetoka Iringa kwenda Mtera, tofauti ya mwinuko ni ndogo zaidi lakini joto la bondeni linafidia.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Safirisha kayaki mifuniko ikiwa imelegezwa au imetolewa. Ukiitoa, iweke ndani ya gari, si juu ya kayaki.
2. Ukifika, mwagia kayaki maji ya ziwa nje na uiache kivulini dakika 10.
3. Funga mifuniko mwisho kabisa, dakika chache kabla ya kuingia majini, ukingo ukiwa umefutwa mchanga.
4. Ukishaelea ufukweni, fungua kidogo mfuniko mmoja, ujihakikishie, kisha ufunge tena.

Umefaulu kama mfuniko ukifunguliwa hausikiki ukivuta wala kupumua. Kimya ndicho unachokitaka.

Wakati wa kurudi mambo yanageuka. Barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,000 pale Isyonje kabla ya kushuka Uyole, na hewa uliyoifungia Matema inatutumka. Mfuniko wa mpira unaweza kufyatuka na kubaki barabarani, na hutajua mpaka ufike nyumbani.

## Hatua ya 4: Weka hewa ya akiba tumboni

Hata ukifanya yote hayo, chukulia kwamba siku moja mfuniko utakuangusha. Plastiki ya kayaki yenyewe huelea, lakini kayaki iliyojaa maji inaelea kama gogo na haikaliki. Hatari huanza mapema kuliko hapo. Lita 20 tu zinatosha, kwa kuwa hazikai sehemu moja. Ukiinama kushoto, kilo 20 zinakimbilia kushoto pamoja nawe.

Chukua zile chupa 20, zitie ndani ya wavu wa vitunguu, uzisukume mbele na nyuma ya tumbo, kisha ufunge wavu usihame. Umezuia lita 30 za maji zisipate pa kukaa. Vizibo vifungwe ziwani, si Mbeya, kwa sababu ileile ya hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Kila mfuniko uwe na kamba yake

Kamba ya milimita 4, urefu wa sentimita 30, ncha moja kwenye mfuniko, nyingine kwenye sikio la kufungia (tanzi lililokazwa kwenye kayaki) lililo karibu. Mifuniko ya mpira mingine huzama, na dukani hapa kwetu kuupata mwingine wa saizi ileile ni kazi.

## Hatua ya 6: Funga masikio mahali panapobeba

Mizigo haifungwi kwenye mipira tu. Inafungwa kwenye masikio, yale matanzi yaliyokazwa kwenye plastiki kwa bolti. Kama yako hayatoshi, ongeza manne: mawili kila upande wa sehemu ya mizigo nyuma ya kiti.

Kabla ya kutoboa, ingiza mkono kupitia mfuniko uhakikishe unafika kwa ndani. Mahali ambapo huwezi kushika nati, usitoboe. Kila tundu liwe juu, kwenye sakafu ya kukalia au ubavuni juu kabisa, kamwe lisiwe sehemu inayokaa ndani ya maji.

Mpangilio wa bolti kutoka juu ni huu: sikio, washa ya mpira uliokata kwenye tyubu, plastiki ya kayaki, washa ya pili ya mpira, washa pana ya chuma, nati. Washa pana inatawanya nguvu. Bila hiyo bolti itachomoka na kipande cha plastiki. Kaza mpaka mpira uanze kutokeza pembeni kidogo, basi.

Ripiti za kawaida za bati siziamini kwa kazi hii. Zinashika kwa mdomo mdogo, na plastiki laini inapanuka.

Jaribu kila sikio kwa kuinua upande mmoja wa kayaki kwa hilo sikio peke yake. Likikubali bila plastiki kuinuka kama jipu, litabeba deli lako la barafu.

## Hatua ya 7: Panga na funga vifaa

Kila kitu kifungwe, isipokuwa mtu. Usijifunge wewe kwenye kayaki, wala kafi kwenye mkono wako, wala nanga kwenye mguu kwa "dakika moja tu". Jaketi liko mwilini. Filimbi, kisu na simu iliyo ndani ya mfuko usiopitisha maji viko kwenye jaketi. Simu iliyofungiwa tumboni mwa kayaki haina faida ukitenganishwa na kayaki.

Vizito vikae katikati na chini, karibu na kiti. Deli lenye barafu na samaki lifungwe kwa kamba ya milimita 6 isiyovutika, ikipita juu kwa msalaba kutoka sikio hadi sikio. Mpira wa bodaboda peke yake hautoshi: chombo kikipinduka, deli lenye hewa ndani linataka kuelea, mpira unanyumbuka, deli linachomoka. Mpira ni wa vitu vyepesi: koti la mvua, chakula, kopo la chambo. Ukiutumia, kata zile ndoano za chuma na ufunge mafundo badala yake. Ndoano hizo hushika nyavu, hushika nguo, na zikifyatuka hutafuta jicho.

Kafi na ufito wa kuvulia vipewe kamba za mita moja hivi. Zaidi ya hapo zinaanza kuzunguka miguu. Ndoano za kuvulia zichomwe kwenye kipande cha soli ya malapa, kisha zifungiwe ndani ya kisanduku, na kisanduku kifungwe. Malapa yaliyokatika hayana kazi nyingine nzuri kama hii.

Nyavu ndizo ninazoziogopa kuliko vyote. Ukibeba makila (nyavu za kutega), yaingie ndani ya kiroba, kiroba kifungwe mdomo, mdomo ufungwe kwenye sikio. Wavu uliolala wazi kwenye kayaki inayopinduka ni mtego, na atakayenaswa ni wewe. Na kuvua usipa (dagaa wa Nyasa) kwa taa usiku si kazi ya kayaki, waachie wenye mitumbwi mikubwa.

Nanga ifungwe mbele au nyuma, isifungwe ubavuni, maana wimbi likija ubavu unavutwa chini na kayaki inageuka. Tumia fundo la kufyatua kwa mvuto mmoja, na ncha ya kamba iwe na kidumu kitupu cha kuelea ili uiache na kuirudia. Upande wa milima pale Matema ziwa linaporomoka kina haraka, hivyo mara nyingi nanga ni mzigo wa bure. Mtera inafaa zaidi.

Ukimaliza, shika kila kitu na ukivute. Kisha fumba macho, ujaribu kufungua kila fundo kwa mkono mmoja. Fundo lisilofunguka hivyo ni la kubadilisha.

## Hatua ya 8: Ipindue mwenyewe kabla ziwa halijaipindua

Asubuhi ziwa likiwa tulivu, nendeni wawili mpaka maji yafike kifuani, kayaki ikiwa na mzigo wake wote lakini samaki na simu ukiviacha ufukweni. Waulize kwanza watu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) wa mwalo huo mahali salama. Kaa mbali na midomo ya mito kama Lufilyo na Mbaka, kuna mamba. Mtera jaribio hili usilifanye kabisa. Kule kuna viboko na mamba, fanya kwingine. Epuka pia matete na maji yaliyotuama, kwa ajili ya kichocho.

Pindueni. Iacheni chini juu kwa dakika tatu, mkiitikisa kama wimbi. Igeuzeni, panda, ukae.

Hesabu vitu. Tazama kama kuna kamba iliyokuzunguka ulipokuwa unapanda. Rudi ufukweni, fungua tumbo, fyonza maji kwa sponji na uyakamue kwenye kikombe. Yakiwa chini ya kikombe kimoja, umefaulu. Yakifika lita moja, rudi hatua ya 1 na gazeti lako.

## Hatua ya 9: Ukiwa majini, na ukirudi

Kila baada ya nusu saa acha kupiga kafi, tikisa nyonga mara mbili, sikiliza. Ukisikia maji yakitembea tumboni, elekea ufukweni saa hiyohiyo. Usifungue mfuniko katikati ya mawimbi ili "uangalie kidogo".

Kati ya Mei na Agosti uwe mwangalifu zaidi. Upepo wa Mwera unatoka kusini, na ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500. Mawimbi yanayofika kona ya Matema yamekuwa yakikua njia nzima. Toka alfajiri, urudi kabla upepo haujakolea.

Nyumbani osha mchanga, legeza mikanda ili sponji ijiinue, na uhifadhi kayaki kivulini mifuniko ikiwa wazi. Tukuyu na Rungwe unyevu hauishi, tumbo lililofungwa litaota ukungu. Ziba tundu kwa wavu, maana panya wanapenda sponji. Kila mwanzo wa msimu, kunja utepe wa tyubu kati ya vidole viwili. Ukionyesha nyufa, kata mwingine.